Mabuti ya Siku ya Bluu

Jumatatu, 6 Januari
Baridi kali. Nimepoteza glavu moja. Ya kushoto, kama kawaida.

Jumatano, 8 Januari
Binamu yangu Noella anasema watu wenye mpangilio huandika shajara kila siku. Nimeanza juzi, jana nimesahau. Basi mpangilio wangu ndio huo.

Ijumaa, 10 Januari
Leo nimeachwa na basi.

Ngoja nieleze, maana nikisoma upuuzi huu siku za mbele sitajielewa mwenyewe. Shule yetu ina siku za bluu na siku za nyeupe, zinapokezana. Siku ya nyeupe nashinda shuleni na hesabu, na Kiingereza cha Bi. Haskell, ambaye hunitazama kama doa kwenye shati. Siku ya bluu, baada ya kengele ya kwanza, napanda basi nyuma ya jengo kwenda chuo cha ufundi, mji wa pili, kujifunza kuchomelea vyuma. Kutoka shule yetu tuko wawili tu: mimi na Curtis Pelkey, mdomo mrefu, masomo mafupi.

Mimi kila kitu hunitoroka. Funguo, daftari, tarehe, hata siku ya kuzaliwa ya Mama. Lakini nikishusha kinyago cha kuchomelea usoni na ule mwanga ukawaka, nabaki na kijimstari kimoja tu cha chuma kinachoyeyuka, na mkono wangu unajua pa kwenda. Ni mahali pekee duniani ambapo sijawahi kuulizwa, "Oralie, akili yako iko wapi?"

Na Bwana Gagnon, mwalimu wetu wa chuo, ana sheria moja. Ukikosa mara tatu bila ruhusa, nafasi yako anapewa anayefuata kwenye foleni. "Sina ugomvi na mtu," alituambia Septemba. "Wanaotaka ni wengi kuliko mashine."

Leo nimekosa mara ya kwanza, na sababu ni mabuti. Bila mabuti yenye chuma cha kulinda vidole huingii karakana. Nimeyatafuta chini ya kitanda, kabatini, bafuni. Yalikuwa ndani ya gari la Pepère, babu yangu, na mimi ndiye niliyeyaacha humo. Nilipofika nyuma ya shule nilikuta moshi wa basi tu.

Jumapili, 12 Januari
Noella amekuja kuniokoa. Ni mtoto wa baba yangu mdogo, tuko darasa moja, na tangu chekechea hajawahi kupoteza hata kifutio. Amekuja na kitabu cha ratiba, kalamu za rangi na uso wa daktari.

"Binti, hali yako ni mbaya," amesema baada ya kufungua mkoba wangu na kukuta ndizi nyeusi. "Hii ni ya lini?"

"Ya mwaka jana."

"Mungu wangu, Oralie!"

Tumekaa mezani mchana kutwa. Amepaka kila siku rangi yake kwa wino, bluu, nyeupe, bluu, nyeupe, mpaka Juni. Akaweka simu yangu ilie kila saa. Mama naye hakukubali kupitwa, akatundika ubao mwingine jikoni kando ya ule wa zamu zake za kazi kwenye nyumba ya wazee. Pepère alikuwa anakula ploye, zile chapati zake laini, na siagi, akasema zamani yeye alikuwa anafunga uzi kwenye kidole.

"Na ulikuwa unakumbuka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakumbuka kwamba nina uzi."

Sasa nina kitabu, simu, ubao na uzi. Nikishindwa na hapa, basi tena.

Jumatano, 15 Januari
Simu imelia katikati ya mtihani wa Bi. Haskell. Ilikuwa inanikumbusha kuzima simu.

Jumanne, 21 Januari
Lakini inafanya kazi! Siku zote za bluu nimefika, na mabuti miguuni. (Jana ilikuwa sikukuu, haina rangi.) Bwana Gagnon alipita nyuma yangu, akatazama mshono wangu wa chuma, akasema, "Huu hauna aibu." Kwa mtu yule, hiyo ni ngoma na zeze. Alisema pia kwamba atakaye cheti cha daraja la kwanza atafanya jaribio Februari, na akiwa na cheti atapata kazi ya kiangazi kwenye karakana yoyote ya bonde letu. Nakitaka kile cheti mpaka meno yananiuma.

Jumatano, 22 Januari
Dhoruba ya theluji. Pepère amekaa na redio tangu alfajiri, na jina la shule yetu lilipotajwa kwenye zilizofungwa alipiga makofi kama aliyefungwa ni adui yake. Nimezoa theluji kwa koleo mpaka mgongo ukalia.

Noella amepiga simu. "Leo ilikuwa nyeupe, haikusomwa, kwa hiyo nyeupe inahamia kesho. Rangi zote zinasogea siku moja. Shika kalamu."

Nimesogeza rangi zote mpaka Juni. Kitabu sasa kimekuwa kama nguo ya mchekeshaji.

Alhamisi, 23 Januari
Nimekosa mara ya pili. Na safari hii sikusahau kitu!

Kitabu kilisema nyeupe. Ubao wa Mama ulisema nyeupe. Tangazo la asubuhi shuleni lilisema, kwa sauti ya mkuu mwenyewe, "Leo ni siku nyeupe." Nikakaa kwa Bi. Haskell, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kalamu, daftari na kitabu kinachotakiwa, nikajiona malkia. Jioni nikakutana na Curtis anashuka kwenye basi, uso mweusi kwa vumbi la chuma.

"Wewe ulikuwa wapi?" ameniuliza.

"Leo si nyeupe?"

"Nyeupe ya hapa! Chuoni leo ni bluu. Kwani hukuambiwa?"

Kumbe ndivyo ilivyo, na eti tuliambiwa Septemba. Shule yetu ikifungwa kwa theluji, rangi inasogea, ili somo lisipotee. Lakini chuo kinahudumia shule tatu, na kila moja ina dhoruba zake, kwa hiyo chenyewe kinafuata kalenda. Siku iliyoliwa na theluji imeliwa. Haisogei wala hairudi. Rangi zikipishana, wewe nenda chuoni, ila uwe umemuaga mwalimu wa hapa siku moja kabla.

Yaani kesho ya hapa ni bluu na kesho ya kule ni nyeupe, na mimi ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja, tena kibovu! Nimefanya kila nilichoambiwa, na kufanya kila nilichoambiwa ndiko kulikoniponza. Sasa nimebakiza kosa moja tu. Mama amenikuta nalia bafuni, akadhani ni mambo ya mvulana, akaniletea chai. Nimekunywa. Sikuwa na nguvu za kueleza rangi.

Ijumaa, 24 Januari
Curtis tena. Yule kijana angeajiriwa na redio.

"Unajua anayefuata kwenye foleni ya Gagnon ni nani?" amesema. "Nafasi yako ikipotea anaichukua nani, unajua?"

"Nani?"

"Noella wako."

Nimecheka. Halafu sikucheka tena. Nani aliyepaka zile rangi? Nani aliyesema shika kalamu, sogeza mpaka Juni? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 27 Januari
Sisemi na Noella. Nimegundua dawa mwenyewe: natazama kitabu chake, nafanya kinyume. Leo kimesema nyeupe, nimeenda chuoni, na kweli ni bluu. Curtis ameniita profesa. Yeye pia amebakiza kosa moja. Mawili aliyatumia Novemba kwenye kuwinda kulungu.

Ijumaa, 31 Januari
Kinyume kinafanya kazi. Noella amekaa na mimi wakati wa chakula, akauliza nimemkosea nini. Nimesema nina mafua.

Jumatano, 5 Februari
Dhoruba ya pili. Redio, makofi ya Pepère, koleo. Nimesogeza rangi za kitabu kama ada, nikajiambia: endelea kufanya kinyume.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeponea chupuchupu.

Kitabu kilisema bluu. Kwa hiyo, kwa dawa yangu, chuoni ni nyeupe. Nikaenda zangu maktaba, nikakaa karibu na kipasha joto, nimevua na viatu. Nilikuwa nafungua vitafunio. Mlango ukasukumwa, Noella akaingia mbio, na yeye hakimbii hata akifukuzwa na mbwa.

"Basi lako liko nje linanguruma! Unafanya nini hapa?"

"Leo ni nyeupe kule."

"Nani kasema? Curtis ameshapanda! Inuka!"

Amenivuta mkono. Nimekimbia koridoni na soksi, viatu mkononi, yeye nyuma yangu na mkoba wangu wenye mabuti, tumepita mbele ya mkuu wa shule na hakuna aliyesalimia. Dereva alikuwa ameshafunga mlango. Noella akaugonga kwa ngumi zote mbili. Ukafunguliwa.

Kwenye basi Curtis alinieleza huku anajipigapiga paji la uso. Theluji moja, rangi zinapishana. Theluji mbili, zinakutana tena. Nilikuwa sijafika huko.

Jioni nimemsubiri Noella kwenye makabati. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia vibaya.

"Ungeniacha tu. Ungepata nafasi."

Ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo hayo ndiyo mafua yako."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli naingoja nafasi. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Mimi ni Noella wa kalamu za rangi, nani ataniwazia nashika moto? Nimechoka kuwa nadhifu, Oralie. Nataka kitu kimoja kinirukie cheche." Akafunga kabati lake taratibu, maana hata akikasirika hafungi mlango kwa kishindo. "Lakini naingoja nafasi, siingoji yako. Na zile rangi nilikosea kwa sababu sijawahi kwenda huko. Mimi ni wa shule hii tu."

Nimeomba radhi. Amesema, "Haya." Sijui kama ni haya ya kusamehe au haya ya kuniondoa mbele yake.

Jumamosi, 8 Februari
Nimewaza sana, na mimi nikiwaza sana huwa nasafisha mabuti. Kitabu ni cha shule hii, kibaki na mambo ya shule hii. Chuo hakiwezi kukaa kwenye karatasi moja na Bi. Haskell. Na mimi sikumbuki ninachokisoma, nakumbuka ninachokigusa.

Basi nimeamua hivi. Mabuti yakae sehemu mbili tu. Ikiwa kesho ni bluu ya chuoni, yalale mlangoni. Ikiwa ni nyeupe, yalale chini ya kitanda. Kila jioni ya siku ya masomo, nikimaliza kula, nayahamisha mara moja. Kama shule haikufungwa, nahamisha. Kama imefungwa kwa theluji, nahamisha vilevile. Basi.

Mama ameuliza kama nimeanza dini mpya.

Jumatatu, 10 Februari
Nimewaambia watu wa basi. Curtis sasa ananiita Mama Mabuti. "Mama Mabuti, je, mvua itanyesha?" Potelea mbali.

Jumanne, 11 Februari
Dhoruba ya tatu, kubwa kuliko zote. Mlango wa nyuma haufunguki. Leo ndiyo nilikuwa nisimame mbele ya darasa la Bi. Haskell kusoma insha yangu. Sasa imesogea kesho, maana nyeupe imesogea kesho. Na kesho kalenda ya chuo inasema jaribio la cheti.

Baada ya kula nimetoa mabuti chini ya kitanda nikayaweka mlangoni. Mama alikuwa anavaa kwenda zamu, anangoja katapila la kuondoa theluji lipite.

"Unahamisha nini?" ameuliza. "Leo umekwenda wapi?"

"Sijakwenda popote."

"Sasa?"

"Mimi sijakwenda, Mama. Lakini siku imekwenda."

Nilidhani atacheka. Ameinama akanyoosha buti moja lililolala upande, kisha akaenda zamu.

Noella amepiga simu: kesho nyeupe, usisahau insha. Curtis ameandika: "Kesho nyeupe, Mama Mabuti. Theluji mbili zilishafutana, tuko sawa na chuo. Lala." Nimemjibu kwamba theluji ni tatu sasa, si mbili. Akanitumia picha ya buti lenye taji.

Na mimi nimeanza kuwa na wasiwasi. Noella, Curtis, hata Mama, wote watatu ni watu wenye akili kuliko mabuti.

Jumatano, 12 Februari
Nimefika shule na mabuti miguuni na insha mkobani, sijui nitatumia kipi. Mkuu ametangaza: nyeupe. Watu wote wakaingia darasani. Mimi nikatoka nyuma.

Hakukuwa na basi. Hakukuwa na Curtis. Palikuwa na theluji iliyorundikwa juu kuliko kichwa changu na mimi peke yangu mbele yake. Kengele ya kwanza ikalia. Nikajiambia, ngoja kidogo. Kwenye dirisha la juu nikamwona Bi. Haskell anafuta ubao, na wakati huohuo nikakumbuka kwamba sikumuaga! Nilikumbuka mabuti nikamsahau mtu. Kama ni nyeupe kweli, nitakuwa nimekosa insha kwa kusimama na baridi bure. Kama ni bluu na nikaingia ndani, nimekosa mara ya tatu na kila kitu kimekwisha. Nililia, nikakasirika kwamba nalia, machozi yakaanza kuganda.

Nilimwandikia Curtis: "Njoo nyuma, upesi." Hakujibu. Tangu simu yangu ilie kwenye mtihani, Bi. Haskell hukusanya simu mlangoni.

Nilikuwa nimeshageuka kurudi. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Ndipo nikaona taa za njano zinakuja polepole kule barabarani, basi limechelewa kwa theluji, limevaa barafu mpaka madirishani.

"Peke yako?" dereva ameuliza.

"Subiri kidogo, kuna mwenzangu."

Amesubiri. Nimekimbia mpaka mlango wa darasa, nimegonga kioo, nimempungia Curtis. Ameniona, akacheka, akaonyesha ubaoni: NYEUPE. Bi. Haskell akageuka. Honi ikalia nje. Nikakimbia.

Jaribio lilikuwa mishono miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Nilishusha kinyago na mkono wangu ukajua pa kwenda kabla hata moto haujawaka. Bwana Gagnon alikata vyuma vyangu, akavikunja kwenye mashine, akavitazama upande huu na upande ule.

"Havikuvunjika," amesema.

"Maana yake nimefaulu?"

"Maana yake havikuvunjika. Ndiyo, binti, umefaulu." Kisha akatazama mashine tupu kando yangu. "Pelkey yuko wapi?"

Nilisema rangi zilimchanganya. Nilisema anajua kazi. Nilisema nilimgongea kioo. Bwana Gagnon amesikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu anayefurahia sheria yake. "Ni mara ya tatu," amesema.

Alhamisi, 13 Februari
Bi. Haskell aliniita. Nilijiandaa kwa mvua ya maneno.

"Hukuniaga," amesema.

"Ndiyo, Bi. Haskell."

"Utasoma insha wiki ya kufungua, baada ya likizo, na nitakata alama. Nitakata nyingi." Halafu ameshusha sauti. "Jana mimi mwenyewe nilikuja na vitabu vya bluu. Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha hapa. Usimwambie mtu."

Sikujua walimu nao wanapotea. Sijui kama hilo limenifariji au limenitisha.

Curtis hasemi na mimi. Nilitaka nafasi yangu ibaki, sikutaka yake ipotee. Cheti nimekiweka chini ya godoro, nashindwa kukitundika.

Jumatatu, 24 Februari
Likizo imekwisha. Nafasi ya Curtis amepewa Noella. Amelia akiniambia, na mimi sikujua nimpongeze au nimpe pole, nikampa ndizi. Safari hii mbichi. Curtis alipita akasema, "Mwambie asishike chuma chenye moto kwa kalamu ya rangi." Ni neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Halafu akageuka akasema, "Uligonga kile kioo kwa nguvu, nilikuona." Akaenda zake.

Jumanne, 4 Machi
Dhoruba ya nne. Redio, makofi, koleo.

Baada ya kula, simu ikalia. Noella. Sauti yake sikuifahamu, ilikuwa kama yangu.

"Oralie, nimechanganyikiwa. Kitabu kinasema kesho bluu. Tangu nianze tumekuwa tunafanya kinyume. Lakini leo theluji tena. Sasa ni kinyume au ni sawasawa? Kesho rangi gani?"

Noella ananiuliza mimi! Nimeshika simu kama yai.

"Ngoja," nikasema, nikaenda kutazama mlangoni.

Mabuti yalikuwa pale, mlangoni, yamesimama wima. Bluu. Nikainua simu nimjibu, ndipo nikaona yana uzi mwekundu kwenye kamba. Uzi wa Pepère.

"Nani amegusa mabuti?"

"Mimi," amesema Pepère kutoka kwenye kiti chake. "Nimeyakuta chini ya kitanda. Nilidhani umesahau, nikayaleta."

"Lakini mimi niliyaleta mlangoni tulipomaliza kula!"

Mama akatoa kichwa jikoni, kitambaa mkononi. "Ndiyo maana nilishangaa. Niliyaona mlangoni nikasema huyu leo hajahamisha, nikayapeleka chini ya kitanda."

Tulitazamana wote watatu. Nikahesabu kwa vidole: mimi nimeyaleta, Mama ameyarudisha, Pepère ameyaleta. Yamekwenda, yamerudi, yamekwenda. Nikahesabu tena kutoka mwisho. Pepère naye alikuwa anahesabu, midomo inacheza.

"Oralie?" Noella anaita simuni. "Uko hapo? Rangi gani?"

"Bluu."

"Una hakika?"

"Sina," nikasema. "Vaa mabuti yako uje tusimame wote pale nyuma. Ukifika kabla yangu na basi likija, ligonge kama siku ile."